Hondohondo wa Serikali

Ilitangazwa rasmi, redioni na kwa vipaza sauti vya masokoni, kwamba kuanzia msimu ule ngoma ya hondohondo ni mali ya taifa zima, na kwamba wananchi wote waliokuwa wakiicheza kabla ya tangazo hilo, bila kibali, wamesamehewa.

Msamaha huo ulipokewa kwa utulivu. Wanakijiji wenye ngoma yao, waliokuwa wakiicheza tangu babu zao hawajaota ndevu, hawakuwa wakijua kwamba wana kosa. Ndiyo faida ya kuwa na serikali iliyo karibu na watu: inakusamehe hata ambalo hukulitenda.

Aliyekabidhiwa ngoma hiyo alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Usanifishaji wa Mienendo ya Asili. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kitambi cha wastani kinachofaa cheo chake, na kalamu mbili mfukoni, moja ya kutia saini na nyingine ya kuwanyima watu. Idara yake ilikuwa ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho, ukishapita chumba cha mafagio. Ilikuwa idara ndogo lakini yenye mafanikio. Ilikuwa imekwisha kusanifisha makofi ya kwenye hafla, yasianze kabla ya mgeni rasmi wala yasikome kabla yake, na ilikuwa katikati ya kazi nzito ya kusanifisha vigelegele, kazi iliyokwama baada ya wajumbe kushindwa kukubaliana ulimi ukae wapi.

Sasa hondohondo alikuja kama ameitwa. Kiti cha Katibu Mkuu wa Wizara kilikuwa wazi, Waziri alikuwa anatafuta wa kumkalisha, na uzinduzi wa ngoma ungefanyika mbele ya Waziri huyohuyo. Mkurugenzi hakuwa mtu wa tamaa. Alikuwa amekipima kile kiti kwa macho tu, akaona kinamtosha.

Alikwenda kijijini kuitazama ngoma kabla ya kuirekebisha, ingawa utaratibu haukumlazimu kuitazama. Alipokewa na kiongozi wa ngoma, mama mtu mzima mwenye mikono mipana, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Kizibo.

"Tutaonekana kwenye televisheni?" Bibi Kizibo aliuliza hata kabla ya salamu kuisha.

"Mtaonekana."

"Na mimi?"

"Wewe hasa."

"Basi rekebisha utakavyo, mwanangu. Kiti hicho hapo, kaa uone."

Alichokiona ni hiki. Hondohondo jike, ukifika wakati wa kutaga, huingia katika tundu la mti na kujiziba humo kwa tope, ukabaki upenyo mwembamba tu. Dume hubaki nje. Kazi yake ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila akirudi awe na kitu mdomoni cha kupenyeza ndani. Siku jike akiona sasa basi, huubomoa ukuta mwenyewe akatoka. Dume hana kauli. Watu wa kijiji kile walimtazama ndege huyu wakaona ana akili kuwashinda wazee wao wa usuluhishi, wakamtungia ngoma. Mke aliyekosewa na mumewe huingia kwenye kibanda cha miti kilicho katikati ya uwanja, wanawake wanamziba kwa tope, na mume anavikwa mdomo mkubwa wa mti uliopakwa rangi nyekundu na kuambiwa: haya, ruka.

Siku hiyo aliyeruka alikuwa kinyozi wa kijiji. Mke wake alikuwa ndani tangu asubuhi kwa sababu ya mbuzi. Kinyozi alikuja akiyumba kama ndege aliyeshiba, mabawa ya magunia yakipiga vup, vup, akapenyeza papai upenyoni.

"Mbuzi wangu yuko wapi?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Aliibiwa, mke wangu. Na mimi mwenyewe ndiye niliyeongoza msako."

"Bado!" waliitikia wanawake, na ngoma ikamsukuma kinyozi kwenda kuzunguka tena uwanja mzima.

Alirudi jasho likimtiririka. Mbuzi hakuibiwa, alisema sasa, mbuzi aliuzwa. "Bado!" Akazunguka tena. Aliporudi alikuwa hana tunda wala pumzi. Akaushika ukuta kwa mikono miwili, akasema aliyemnunua ni kaka wa mkewe, ndiyo maana msako haukupita nyumba ile. Halafu tope likapasuka, kiwiko kikatoka, kikafuatiwa na mwanamke mzima, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele ambamo, Mkurugenzi aliona kwa masikitiko, kila ulimi ulikaa unapotaka.

Njiani kurudi mjini alikuwa na mawazo mengi. Ngoma ilikuwa na mvuto, hilo hakulikataa. Ila ilikuwa na kasoro za kitaasisi. Haikuwa na muda maalumu wa kuisha. Maungamo yalitolewa hadharani bila kupitiwa kwanza na mamlaka husika. Na lililomsumbua zaidi ni kwamba uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa mtu aliye ndani ya shimo.

Kwa muda uliofuata idara haikulala, isipokuwa baada ya chakula cha mchana. Mwongozo wa Kitaifa wa Uchezaji wa Hondohondo ukatoka, na haukuacha kitu. Dume ataruka kwa mguu wa kulia. Kosa litakuwa moja kwa nchi nzima, nalo ni kuchelewa kurudi kutoka dukani, kwa kuwa ni kosa lisilomdhalilisha mtu yeyote. Tunda litakuwa papai, na kama hakuna papai, ndizi. Jike atatoka baada ya tunda la kwanza, akitabasamu. Na ili kulinda heshima ya serikali mbele ya wageni, wachezaji watakuwa mke na mume halisi ambao ndoa yao haina mgogoro wowote.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilicholeta kazi.

Bibi Kizibo aliitwa mjini kuleta majina. Alikaa ofisini kwa Mkurugenzi, akageuza kikombe cha chai mkononi, akawaza.

"Ndoa isiyo na mgogoro," alisema. "Kabisa kabisa?"

"Kabisa."

"Kinyozi na mkewe wametulia siku hizi. Lakini mkewe hataki kuingia. Anasema akae kwenye giza na tope afanye nini, na hana la kudai?" Akanywa chai. "Wengine walio tayari kuingia, mwanangu, wana sababu. Mwingine ana sababu tangu harusi."

"Katika kijiji kizima?"

"Yuko mmoja hana ugomvi na mumewe hata kidogo."

"Huyo huyo!"

"Ni mjane."

Karani wa Mkurugenzi alikohoa akatazama dirishani. Uzinduzi ulikuwa umekaribia, kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kuchapwa, na Waziri alikuwa amethibitisha kuja na mkewe. Mkurugenzi akasimama, akafunga kifungo cha koti. Kuna nyakati kiongozi hujitoa.

"Nitacheza mimi," alisema. "Mimi na mke wangu. Nyumbani kwangu pametulia, hata sauti husikii."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Nyumbani kwa Mkurugenzi sauti ilikuwa haisikiki kwa muda mrefu.

Mke wake alikuwa fundi wa kushona, na mtaa mzima, wakubwa kwa watoto, ulimwita Fundi. Kwa miaka alishonea katika chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa, cherehani ikitazama mwanga, vitambaa vimekunjwa rafu hadi rafu. Halafu panya wakaingia ofisini kwa Mkurugenzi, ghorofa ya tatu, na Mkurugenzi akaona si salama kuacha mafaili ya taifa na panya. Akayaleta nyumbani. Yakahitaji chumba chenye mwanga. Cherehani ikahamishiwa barazani kwa muda. Kwa muda ni istilahi ya kitaalamu. Maana yake haijulikani hata kwa wataalamu.

Mwanzoni Fundi aliuliza.

"Baba watoto, cherehani itarudi lini ndani?"

"Suala lako limepokelewa, mama watoto. Linafanyiwa kazi."

Aliuliza mara nyingine mvua zilipoanza, na akajibiwa kwamba suala limefikia hatua nzuri. Baada ya hapo hakuuliza tena. Akawa anaweka chakula mezani, anakifunika, anakwenda zake barazani, na huko husikii ila tiki-tiki ya cherehani na matone yakianguka kwenye turubai. Mkurugenzi aliuchukulia ukimya huo kuwa dalili ya mdau aliyeridhika. Hata aliwahi kuusifu mbele ya wenzake. "Mke wangu hana maneno," aliwaambia, na wenzake wakamwonea wivu.

Basi jioni ile alimfuata barazani, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akamweleza habari ya uzinduzi. Fundi alikuwa anapindua ukosi wa shati. Hakuinua kichwa.

"Niingie ndani ya shimo."

"Kibanda. Cha heshima. Mbele ya Mheshimiwa Waziri na mkewe. Utakaa kidogo tu, nitakuletea papai, utatoka unatabasamu. Kazi yote ni yangu, mimi ndiye nitakayeruka."

Fundi akakata uzi kwa meno. "Hilo tope ni la kweli?"

"La kweli kabisa. Hatuwezi kuidanganya nchi."

"Na mwanamke akiwa ndani, nani anamtoa?"

"Anatoka mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa ndege."

Akalinyoosha shati pajani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, alimtazama mumewe usoni.

"Nitaingia," alisema. "Na mabawa nitakushonea mimi mwenyewe, usije ukavaa magunia mbele ya wageni."

Mkurugenzi alilala usingizi mzuri. Mke mwenye ushirikiano namna ile, aliwaza, hupatikana kwa nadra.

Siku ya uzinduzi uwanja ulifurika. Mahema yalisimama kwa mpangilio wa vyeo: la Waziri lilikuwa na jukwaa, kivuli na feni, la wakurugenzi lilikuwa na kivuli, na wananchi walikuwa na jua. Bibi Kizibo alikuwa amevaa nguo mpya na kusimama karibu na kamera kuliko alivyopangiwa. Mafundi mitambo walitega maikrofoni mbili, moja ndogo chini ya mdomo wa Mkurugenzi na nyingine kwenye upenyo wa kibanda, ili taifa lisikie jinsi jike anavyoridhika. Wazo hilo lilikuwa la Mkurugenzi mwenyewe.

Fundi aliingia kibandani akiwa ametulia, kama anayeingia benki. Wanawake wakamziba. Bibi Kizibo akalipigapiga tope kwa kiganja, akalilainisha pembeni, akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Ulibaki upenyo wa kupitisha mkono.

Ngoma zikalia. Mkurugenzi akaingia uwanjani.

Alipendeza, asinyimwe haki yake. Mabawa aliyoshonewa yalikuwa meusi yenye pindo jeupe, yamekaa mabegani kama yameota. Mdomo mwekundu ulimzidi uso lakini aliubeba kwa hadhi. Aliruka kwa mguu wa kulia kama Mwongozo ulivyoagiza, akayumba, akapiga mabawa mbele ya hema la Waziri, na Waziri akaanza makofi, watu wote wakafuata, kisanifu kabisa. Akafika kibandani. Akapenyeza papai.

Mkono ukalipokea. Mkurugenzi akasema maneno yake kwa sauti ya hafla: "Nisamehe, mke wangu, kwa kuchelewa kurudi kutoka dukani."

Akangoja tabasamu. Kilichosikika kwenye vipaza sauti ni mtu anayekula papai bila haraka.

"Bado!" waliitikia wanawake. Si kwamba walikuwa wamekusudia ubaya. Ni mazoea tu.

Mkurugenzi alicheka kidogo kuwaonyesha wageni kwamba ndivyo ilivyopangwa, akazunguka uwanja, sasa mguu wa kulia ukianza kulalamika. Akarudi na ndizi. Aliinama karibu na upenyo.

"Mama watoto, toka. Ratiba inabana."

"Umekuja na nini?"

"Ndizi."

"Lete."

Mkono ukatoka, ukachukua ndizi, ukarudi ndani. Sauti zao zote mbili zilikuwa zimesambaa uwanja mzima na kufika hadi stendi. Katika hema kuu Waziri alimnong'oneza mkewe kwamba igizo ni zuri sana, na mke wa Waziri, aliyekuwa akipepea uso kwa ratiba ya shughuli, akaacha kupepea.

"Suala lako," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini, "limepokelewa. Linafanyiwa kazi."

"Linafanyiwa kazi na nani?" Fundi aliuliza.

Hilo swali, katika utumishi wake wote, Mkurugenzi alikuwa hajawahi kuulizwa. Alifungua mdomo wake mdogo ndani ya ule mkubwa, akaufunga.

"Bado!" Ngoma zikamsukuma.

Safari hii hakumaliza mzunguko. Alikata njia akamwendea Bibi Kizibo. "Bomoa," alimwambia. "Bomoa mara moja, hii ni amri."

"Mimi?" Bibi Kizibo alishangaa kweli, macho yake yakiwa bado kwenye kamera. "Mikono hii inaziba tu, mwanangu. Kubomoa ni kwa aliye ndani. Ungetaka mlango ungeuandika kwenye kile kitabu chako."

"Nitabomoa mimi!"

"Bomoa," alisema kwa upole. "Lakini dume anayebomoa, baba, huyo siyo hondohondo tena. Watu watamwita jina lingine."

Mkurugenzi akatazama uwanja. Watu walikuwa wamesimama. Wanaume walikuwa wametulia kama wanafunzi wanaomwona mwenzao akiitwa mbele, na wanawake walikuwa wamesogea hadi kamba za mahema. Kamera ilikuwa imemfuata. Hakukuwa na njia ila ile ya kurudi kwenye upenyo, akairudia, haruki sasa, anatembea tu huku mabawa yakiburura vumbi.

"Cherehani yangu iko wapi?" sauti ikauliza.

"Barazani."

"Kwa nini?"

"Kupisha mafaili."

"Mafaili ya nini?"

"Mengi ni nakala."

"Nakala za nini?"

"Za nakala nyingine."

Kicheko kilianzia kwenye jua kwa wananchi, kikapanda hema la wakurugenzi, kikafika hema kuu, ambako Waziri alicheka hadi akafuta macho. Mkurugenzi alisikia kila kicheko kikimwita kwa jina. Kiti cha Katibu Mkuu kilimpita akilini kikienda zake, miguu yote minne. Lakini Fundi hakuwa anacheka.

"Unakumbuka gauni la yule binti wa jirani?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "La harusi."

"Sikumbuki."

"Jeupe. Nilikuwa nimelimaliza, bado pindo tu. Cherehani ilikuwa imelowa usiku kucha, ikatema kutu kifuani pote. Nililisugua kwa kila kitu. Nikaenda kumwambia mama yake, mbele ya mashangazi waliokuja kwa shughuli. Nimeshona mtaa ule tangu nina umri wa huyo binti, sijawahi kurudisha kitambaa cha mtu kimeharibika. Siku ile nilikirudisha."

Hata feni ya Waziri ilisikika.

Na Mkurugenzi, akiwa amesimama na mdomo wa mti puani, akakumbuka. Alikumbuka beseni katikati ya njia ya uani, maji yenye povu la rangi ya matofali, na mke wake amechuchumaa, mikono imezama hadi viwiko. Alikuwa amelikumbuka jambo hilo siku zote, isipokuwa hakuwa amelitaja kwa jina.

"Nilikuona," alisema.

"Na ukaniambia nini?"

"Nilikuona, mke wangu. Ulikuwa unafua, na ulikuwa unalia. Nikaruka beseni nikakuambia nawahi kazini."

"Sikuwa na kazi," akaongeza, na sauti ya hafla ilikuwa imemtoka yote. "Ilikuwa Jumapili. Nilikwenda nikakaa ofisini peke yangu na panya, mpaka nilipodhani umemaliza."

Wanawake walikuwa wamevuta pumzi ya kusema "Bado", lakini safari hii haikutoka. Walimtazama Bibi Kizibo, naye akainua kiganja: ngojeni.

"Na hayo mafaili?" Fundi aliuliza.

"Nitayatoa leo."

"Utamtuma nani?"

"Simtumi mtu. Nitayabeba mimi. Na nitakwenda kwa mama wa yule binti, nimwambie kutu ile ilikuwa yangu."

Kisha tope likafanya ufa. Ufa ukashuka, kipande kikaanguka, na Fundi akatoka kwa bega, kichwa, mguu, vumbi jekundu kichwani na ganda la ndizi mkononi. Hakutabasamu. Alimtazama mumewe toka mdomo hadi viatu, akalikung'uta pindo la bawa lililochafuka, na akampa ganda alishike. Uwanja ukapiga kelele ambazo hakuna idara ingeweza kuzisanifisha, na watu waliokuwa kwenye jua wakaingia kwenye mahema bila kuulizana vyeo.

Waziri, ambaye alikuwa na uzoefu wa kugeuza kila kitu kuwa mafanikio, alisogelea kipaza sauti haraka. Alisema amefarijika. Alisema huu ndio uwajibikaji ambao serikali imekuwa ikiuhubiri, kiongozi kusimama mbele ya watu wake na kusema ukweli bila woga, na kwamba kuanzia siku hiyo anawataka viongozi wote, wa ngazi zote, narudia, zote, waige mfano ule. Makofi yalikuwa makubwa. Yeye mwenyewe aliyafurahia, akainua mkono kuendelea, na ndipo alipoona kwamba kiti kilicho pembeni ya chake kina viatu tu.

Vilikuwa viatu vya visigino virefu, vimepangwa vizuri. Mwenye viatu alikuwa katikati ya uwanja, mkoba amekwisha kumkabidhi mlinzi, anapandisha mikono ya gauni lake.

"Shikamoo, mama," mke wa Waziri alimwambia Bibi Kizibo. "Tope limebaki?"

"Marahaba, mwanangu." Bibi Kizibo alichungulia ndooni, kisha akamchungulia usoni, na kamera akaisahau kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Limebaki tele. Una mengi?"

"Nitahitaji mto wa kuegemea."

Alipewa. Fundi mwenyewe ndiye aliyemshika mkono kumwingiza, akimwonyesha mahali pasipo na miiba, na wanawake wakaanza kuziba, safari hii kwa wingi, kila mmoja akitaka kiganja chake kiguse ukuta ule.

Waziri alibaki mbele ya kipaza sauti na hotuba mkononi. Aligeuka kumtafuta katibu wake, katibu alikuwa anaangalia saa. Akatafuta polisi, polisi walikuwa wanawapanga watu waone vizuri. Mwishowe akashuka ngazi za jukwaa, polepole, akamwendea Mkurugenzi, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi amevua viatu, anausugua mguu wa kulia.

Mkurugenzi alinyanyuka. Akaufungua ule mdomo mwekundu kisogoni na kumpa mkubwa wake kwa mikono miwili, kama itifaki inavyotaka. Waziri aliupokea, akaugeuza huku na huku.

"Huwa mtu," aliuliza kwa sauti ya chini sana, "anaanza na nini? Papai?"

"Matunda hayasaidii, Mheshimiwa. Atayala na hatatoka." Mkurugenzi alifikiri, kwa sababu lilikuwa swali zuri na alitaka kumsaidia. "Anza na lile unalodhani halijui."

Waziri akageuka taratibu kulitazama gari lake, na pembeni ya gari alikuwa amesimama dereva wake, mtu aliyemwendesha kila alikokwenda kwa miaka yote. Dereva alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

Mkurugenzi akaliona hilo. Akamwita karani.

"Waambie wapishi waongeze maji kwenye chungu," alimwagiza, "na wananchi wakae kivulini wajipumzishe. Leo hatuondoki."